Mashimo Mia Moja ya Fundi Abdulhamid

Watu wa Mbinga mjini wa umri wangu hawana haja ya kuambiwa Fundi Abdulhamid alikuwa nani. Ninawaandikia waliozaliwa juzi, wanaodhani nguo zote za duniani huja zimefungwa kwenye robota.

Baba yake alitoka Kilwa na cherehani moja. Fundi akairithi ile cherehani pamoja na kibaraza cha duka, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna mtoto wa shule hapa ambaye hakupimwa na futi yake. Wanangu saba wote aliwashonea. Hata joho la kutumikia altareni la Ildefonsi wangu alilishona yeye, Mwislamu swalihina, na akanikumbusha upande wa msalaba pale nilipokosea kumwelekeza. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye pini mdomoni. Ukimsalimu alikujibu bila kuitoa.

Halafu serikali ikafungua biashara. Mitumba ikaingia. Ninyi hamkuiona ile miaka. Suruali yenye mifuko sita iliuzwa kwa bei ndogo kuliko ya kushonewa zipu. Mganga wa wilaya alitembea mjini na koti la mwanamke wa Ulaya, vifungo upande wa kushoto, na Fundi alipomwambia kwa adabu kwamba lile ni vazi la kike, mganga akamjibu, "Fundi, baridi haiulizi."

Kufika mwaka wa tisini na sita cherehani ilikuwa inapata kazi ya viraka tu. Mkewe, Mwanaisha, mzaliwa wa Mbamba Bay, alichoka. Kaka yake Bakili alikuwa na nyavu na mtumbwi huko ziwani.

"Baba Sumaiya, tuteremke," akamwambia. Sumaiya ni binti yao, ameolewa Tunduru. "Ziwani mtu halali na njaa maadamu maji hayajakauka."

"Nitafanya nini ziwani, Mama Sumaiya?"

"Utashona nyavu. Kwani wavu si uzi?"

Fundi hakutaka kuhama. Kibaraza kile ndipo alipojifunza kutembea. Wakabishana wiki nzima, mimi jirani nikisikia yote kwa sababu ukuta wetu ni wa matofali mabichi, mpaka wakapatana hivi: wakae msimu mmoja. Fundi ajiunge na kikundi cha wakulima ambacho mji mzima ulikuwa unakizungumzia. Akipata debe tatu za maharage, za kuwafikisha Krismasi yetu sisi Wakristo, wanakaa. Zikipungua tatu, wanateremka ziwani, na hakuna kurudia maneno.

"Debe tatu," alisema Mwanaisha. "Sitaki debe mbili na hadithi."

Kikundi chenyewe kiliitwa Tujikaze. Katibu wake alikuwa Victor, kijana aliyekwenda semina Songea siku nne akarudi na kalamu tatu mfukoni. Mpango wake ulikuwa mzuri, sikatai. Watu wa mjini wasio na mashamba wanajiunga kabla ya kupanda. Wanatoa fedha au kitu. Sisi akina mama wenye majembe tunalima mteremko wa nyuma ya kigango, kanisa letu dogo. Kila Jumamosi mwanachama anapanda na kapu lake kuchukua kilichokomaa: kwanza majani ya maharage ya mboga, kisha maharage mabichi, mwisho yale makavu. Fundi alilipa kwa kazi: alitushonea sare akina mama wote wa kikundi, vitenge vya kijani, na vilikaa mwilini vizuri.

Walijiunga watu kumi na wawili. Victor akatangaza kwamba kila mmoja atapata mashimo mia moja.

Kwa asiyejua kilimo chetu cha ngolo, nitamweleza. Mwezi wa tatu wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa mistari inayokatana, mpaka mlima unafanana na karatasi ya hesabu. Sisi wanawake tunafuata na majembe. Tunachimba udongo wa katikati ya kila kisanduku na kuufukia juu ya nyasi. Pale katikati panabaki shimo, nalo linashika maji ya mvua yasiondoke na mlima. Zile nyasi zilizofukiwa zinakuwa matuta manne kuzunguka shimo, na maharage yanakaa juu ya matuta. Ndani ya shimo hapapandwi kitu. Ndani ya shimo tunatupa magugu yaoze.

Sasa tazama kosa letu. Mmatengo, mwenyeji wa huku kwetu, akitaka kukutajia ukubwa wa shamba lake anakuhesabia mashimo. Shamba zima ni lake, la baba yake na la babu yake, basi tangu ngolo ianze hakuna aliyewahi kujiuliza tuta ni la shimo lipi. Na tuta la kulia la shimo langu ndilo hilo hilo tuta la kushoto la shimo la jirani! Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, kwenye hesabu hakuna mvulana aliyenipita, na nilikuwepo kwenye mkutano ule. Nilinyoosha mkono wa ndiyo kama wenzangu.

Kisha Victor akaongeza la kwake. Ili asitokee mtu wa kupata bondeni kwenye rutuba na mwingine juu kwenye mawe, akasema mashimo yagawiwe kwa kura. Tukachomeka vigingi elfu moja na mia mbili vyenye namba. Tukaandika vikaratasi elfu moja na mia mbili. Kura ilianza Jumatatu asubuhi, ikaisha Jumatano jioni, na wawili walishikwa na homa. Fundi akaondoka na mashimo mia yaliyotawanyika mlima mzima kama kuku waliotishwa na mwewe. Moja lilikuwa namba mia sita na arobaini, zuri sana, udongo mweusi. Jirani yake, mia sita arobaini na moja, lilimwangukia Othmar.

Othmar alikuwa karani wa kahawa mpaka kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi na makarani wakaambiwa wapumzike. Mtu aliyezoea kusoma kanuni, ukimpumzisha, anakuwa hatari. Mkewe Beata aliimba kwaya, sauti ya pili, taratibu kama asali.

Jumamosi ya kwanza ya mboga Fundi alipanda mlimani na kanzu safi na kapu jipya. Akakuta matuta yake yamechumwa majani yote. Othmar alikuwa amekaa juu ya jiwe, kapu limejaa, katiba ya kikundi mkononi.

"Karibu, Fundi. Haki yako iko pale." Akamwonyesha shimo.

"Pale kuna magugu, Bwana Othmar."

"Kifungu cha nne. 'Mwanachama atachukua kila kitokacho ndani ya mashimo yake.' Ndani, Fundi. Si juu, si pembeni."

"Na wewe hayo majani umeyachuma ndani?"

"Mimi nimechuma kwenye tuta. Tuta halimo katika katiba, kwa hiyo ni la anayewahi kuamka."

Fundi alitazama lile shimo. Mtu mwingine angegombana. Yeye akainama, akajaza kapu magugu, akateremka nayo mjini, watu wakimwamkia njiani na yeye akiitikia.

Mwanaisha akalifunua kapu. "Niliolewa na fundi, leo naletewa chakula cha mbuzi. Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiyo haki yetu, Mama Sumaiya."

"Basi ipike hiyo haki yako. Mimi nitaonja."

Niliwapitishia mboga kidogo kwa mlango wa uani. 

Jumamosi iliyofuata Fundi alitangulia hata jogoo. Nilipofika shambani nilimkuta na futi shingoni, chaki sikioni na gunzi lililozungushiwa uzi wa kaki, ule wa sare zisizoagizwa tena. Alikuwa amechomeka tete kila mwisho wa tuta, akavuta uzi katikati, ukanyooka kama pindo.

"Shikamoo, Mama Clemence."

"Marahaba. Unafanya nini mlimani na chaki?"

"Hili tuta ni mshono tu. Vipande viwili vinakutana, kila kimoja kinatoa inchi yake. Sijapata kuona kipande kimoja kikidai mshono mzima. Upande huu wangu, upande ule wake."

Mashimo mia moja yana matuta mia nne, yakipungua machache pale alipopakana na nafsi yake. Ilimchukua siku kumi na moja. Na akina Othmar hawakumcheka. Walipima, wakahesabu, wakakuta uzi unawapa hata wao kitu cha kushikia. Kabla ya mwezi kwisha wanachama wote kumi na wawili walimtaka awafungie na wao. Wakamlipa majani ya maboga, mayai, mara moja jogoo mzima. Tangu mitumba iingie, Fundi hakuwahi kuwa na foleni. Sasa alikuwa nayo, mlimani, watu wamesimama kila mmoja kwenye shimo lake wakisubiri kupimwa.

Uzi wa kaki ukaisha. Ukaisha mweupe. Fundi akashuka sokoni, akanunua sweta za mitumba, akazifumua moja baada ya nyingine kwa uso wa mtu anayelipa kisasi. Mteremko ukawa na mistari ya sufu nyekundu, ya kijani, mmoja una manyoya ya kumetameta. Sisi tuliokwenda kupalilia tulitembea tukiinua miguu kama korongo.

Siku moja lilipanda gari la ofisa kutoka mkoani. Akasimama chini ya mteremko, akavua miwani, akaivaa tena.

"Teknolojia hii mnaiitaje?"

Victor akajibu, "Mipaka shirikishi, mheshimiwa."

"Inasaidia mmomonyoko?"

Othmar akadakia. "Sana. Tangu tufunge, hata mtu hathubutu kupita, sembuse maji."

Ofisa akaandika kurasa nne na kupiga picha.

Lakini mharage hausomi uzi. Mzizi unakuwa kwako, shina linalalia kwa jirani, na ganda zuri kuliko yote linaning'inia upande wa tatu. Watu wakaanza kuyaegemeza kwa vijiti. Ulikuwa ukipita asubuhi unaona mimea ya tuta zima imeinamia kusini kama inasujudu, jioni imegeuzwa kaskazini. Na pale mia sita na arobaini, uzi wenyewe ulikuwa unasogea. Kidole kimoja kwa siku. Fundi aliona, akaona haya kusema.

Mimi sina haya hiyo. Nilimwambia Mwanaisha.

Mwanaisha alikuwa hajapanda ule mlima hata siku moja. Alifika na kanga mbili na viatu vya harusi, maana ndivyo pekee vilivyokuwa na soli. Akamkuta Beata amepiga magoti kwenye tuta na kijiti mkononi.

"Karibu shambani, Mama Sumaiya," Beata akasema kwa ile sauti ya pili. "Au umepotea njia ya sokoni?"

"Sijapotea. Nimekuja kuhesabu maharage yangu kabla hayajahamia kwako."

"Kwani maharage yana miguu?"

"Umeyapa magongo, miguu ya nini?"

"Jamani! Tangu lini mtu wa ziwani akajua tuta?"

"Ziwani tunajua wavu. Wavu wa mtu ukisogezwa kidole kila siku, mwisho wa mwezi samaki wake analiwa na jirani. Rudisha uzi."

"Nisiporudisha?"

"Nitakaa hapa."

Akakaa. Kesho yake alileta kigoda, akakiweka ndani ya shimo mia sita na arobaini, akafungua mwavuli kwa sababu ya manyunyu ya mwezi wa sita. Keshokutwa Beata naye akaleta kigoda, akakiweka ndani ya mia sita arobaini na moja. Walikaa wakitazamana, vichwa tu vinaonekana juu ya maharage, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Beata alisali rozari. Mwanaisha alitoa tasbihi. Siku ya nne nilisikia Mwanaisha anauliza jinsi ya kupika magimbi yasiwashe koo, na Beata anajibu kwa ukali, lakini anajibu.

Nyumbani hakulainika. "Bado debe tatu," alimwambia mumewe. "Mimi nalinda tu kilicho changu mpaka siku ya safari."

Maharage yakakauka. Ikabidi mkutano wa kuamua yavunwe vipi. Victor alisema mmea ni wa mwenye mzizi. Othmar akasema ni wa mwenye ganda. Mwingine akashauri ganda lipasuliwe, punje zigawiwe. Jumapili tatu zikapita hivyo. Huku nyuma maganda yakaanza kupasuka yenyewe na punje kudondokea mashimoni, na mtu akakumbuka kifungu cha nne: ndani ya shimo! Basi nikawaona watu wazima, wenye wajukuu, wakiipepea mimea yao kwa makawa ili punje ziangukie upande wao.

Jumatatu asubuhi sisi akina mama wa majembe tulivaa vitenge vyetu vya kijani, tukaanza juu kabisa ya mlima bila kumwuliza mtu. Tuling'oa kama tulivyofundishwa na mama zetu: mstari mmoja wa wanawake, tukishuka, tukiimba, mharage na kijiti na uzi na sufu, vyote pamoja. Victor alitukimbilia akiwa na katiba.

"Mama zangu, mnavunja kifungu!"

"Kiokote shimoni, mwanangu," nilimwambia, "na upishe."

Saa sita mchana palikuwa na lundo moja. Tukapiga, tukapepeta, tukapima kwa debe la mafuta mbele ya wote kumi na wawili. Kila mtu alipata debe mbili na kopo moja. Wote walishukuru, hata Othmar, ambaye alionekana amepumzika kweli kwa mara ya kwanza. Ni Mwanaisha tu aliyenuna. Tuta lake lilikuwa limezaa kuliko yote, alisema, na sasa limechanganywa na maharage ya wavivu.

Fundi alifunga mdomo wa gunia lake kwa mkono, mshono mdogo mdogo, bila kuinua macho.

"Mbili," akasema walipofika nyumbani.

"Tulisema tatu."

"Tulisema."

Hakujitetea. Alikuwa mtu wa kipimo, na kipimo kilikuwa kimempungua. Alhamisi akalikodi lori la Hyasinti, lile lililokuwa likiteremsha mahindi Mbamba Bay na kupandisha dagaa. Walipakia kitanda, masufuria, kabati na lile gunia. Cherehani Fundi alitaka ipakiwe mwisho. Aliishika mbele ya kibaraza kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Hyasinti akapiga honi. Mwanaisha hayupo.

"Alisema anakwenda kumuaga Beata," Fundi akaniambia.

Kwa Beata mlango ulikuwa umefungwa. Tukatazamana, tukashika njia ya mlimani. Honi ikalia tena nyuma yetu, ndefu, ya hasira.

Tuliwakuta pale pale. Mlima ulikuwa mtupu, mashimo elfu moja na mia mbili yamekaa wazi. Mwanaisha amesimama ndani ya mia sita na arobaini na kanga zake za safari. Beata yuko upande wa pili na jembe.

"Mama Sumaiya, gari," Fundi akasema akihema.

"Liende."

"Tulisema debe tatu. Zimekuja mbili."

"Nani anazungumza habari za debe? Mwulize huyu alichoniambia. Nimekuja kwa wema kumuaga, ananiambia, 'Nenda salama, mwezi wa kumi na mbili mahindi nitapanda mwenyewe, pande zote mbili.' Pande zote mbili, Baba Sumaiya! Kwenye tuta langu!"

"Lakini si unaondoka?" Beata akasema.

"Nani kasema?"

"Wewe, sasa hivi! Umekuja kuaga!"

"Nimeghairi. Mpaka nione mahindi hayo yanapandwa na nani."

Fundi Abdulhamid alimtazama mkewe, akamtazama Beata, akakaa juu ya tuta.

"Usikalie tuta!" wakamkemea wote wawili kwa pamoja.

Akaruka. Akahamia ndani ya shimo, akakaa kwenye magugu na kanzu yake ya safari, akaanza kucheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Kutoka pale juu tuliliona lori la Hyasinti likikata kona ya barabara ya ziwani. Alikuwa amechoka kupiga honi, akaondoka na kitanda, masufuria, kabati na maharage yote.

Vitu vilirudi baada ya wiki tatu, maana gari liliharibika huko chini. Kwa wiki tatu hizo walilala juu ya mkeka wangu na kula kwangu na kwa Beata kwa zamu. Bakili akavirudisha na debe moja la dagaa juu yake, na kitanda kikanuka ziwa mpaka masika. Siku kilipowekwa mbele ya kibaraza, Fundi alikuwa ndani anaipaka cherehani mafuta. Mwanaisha alikaa juu ya kitanda kile kile njiani, akapangusa magamba, akaniuliza kama nimemwona Beata akipita kuelekea mlimani, na kama alikuwa na jembe.